Zamu za kumuuguza mama wiki hii
Habari zenu ndugu, zamu ni zilezile ila shemeji wa Mbagala kaomba abadilishane Jumatano. Jamani mkono wa kushoto msiuvute mkimnyanyua, umelegea tangu apate kiharusi na bega linaweza kuteguka, mshikeni kiunoni na mgongoni kama fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alivyotuonyesha. Uji uwe mzito maana maji matupu yanampalia, na akishakula akae wima nusu saa hivi hata akinuna, na atanuna mnamjua. Usiku ageuzwe kila masaa mawili asipate vidonda. Dawa ya presha hairukwi hata kama kipimo kimesoma poa. Mdomo ukipinda tena au maneno yakichanganyika msinisubiri mimi, hospitali hapohapo. Pampasi zinaisha, anayepita Kariakoo anicheki nimrushie hela.