Ubuyu hauchemshwi

Mhariri,

Wakazi wengi wa Nairobi wanaujua ubuyu kwa zile kokwa nyekundu za sukari zinazouzwa karibu na shule. Ni tamu, lakini anayekula hizo pekee hajaujua ubuyu. Tunda la mbuyu lina vitamini C kwa wingi, na vitamini hiyo huharibiwa na moto. Inasikitisha kuona hata sharubati yake ikichemshwa.

Sharubati haitaki jiko. Loweka kikombe kimoja cha ubuyu wenye kokwa katika vikombe vitatu vya maji safi ya vuguvugu kwa nusu saa, sugua kwa mwiko hadi kokwa zibaki tupu, kisha chuja. Kwa uji, tia unga wa ubuyu baada ya kuepua, vijiko viwili vikubwa kwa lita. Uji wa maziwa uache upoe kwanza. Ubuyu ni mkali, ukikutana na maziwa ya moto yanakatika.

Ununuapo buyu zima, litikise. Lililokauka vizuri hulia ndani. Lenye ufa liache, maana hupitisha unyevu na wadudu. Unga uwe mweupe au wa rangi ya maziwa. Wa kijivu unaonuka uvundo ni wa kutupa, na wauzaji wasiufiche kwa sukari na rangi. Weka kwenye chombo kinachoziba kabisa, kwa sababu ubuyu hunywa unyevu wa hewa na kushikana mabonge, hasa kwenye baridi yetu ya Julai.

Wanaotengeneza mabuyu ya sukari hukosea kwenye shira. Ikiwa nyepesi, unga huyeyuka na kuachana na kokwa. Sukari vikombe viwili kwa maji kikombe kimoja, ichemke hadi ivute uzi kati ya vidole, ndipo utie iliki, chumvi kidogo na rangi ya chakula (ya chakula tu!), halafu ubuyu vikombe vinne. Geuza kwa moto mdogo hadi kila kokwa ivikwe, umwage kwenye sinia.

Kokwa za sharubati msizitupe. Zikikaushwa, hukaangwa na kutwangwa. Za kupanda zichukuliwe kabla ya kukaangwa: zimwagiwe maji ya moto na kuachwa humo saa 24, kwani ganda lake ni gumu mno. Mbuyu hupenda joto, kwa hiyo miche ipelekwe Kitui, Makueni au Kilifi. Huko Kilifi, mwaka 2022 mibuyu mikubwa iling'olewa ili isafirishwe nchi ya Georgia.

Msomaji,
Nairobi