Yah: Malalamiko kuhusu kipanya kisicho na waya mlichoniuzia

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Miezi mitatu iliyopita nilinunua kipanya chenu cha kompyuta kisicho na waya, kile cheusi chenye kipokezi kidogo cha USB kinachochomekwa kwenye kompyuta ili kupokea mawimbi ya kipanya. Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu, kwa hiyo mkono wangu hushinda juu ya kipanya tangu asubuhi hadi jioni. Kile cha zamani kilikuwa cha waya. Kilinitumikia miaka sita, na kilichokiua ni waya wenyewe: ulichunika pale unapoingilia kwenye kipanya, kikawa kinazima na kuwaka kila unapojikunja. Naeleza haya ili msidhani mnaandikiwa na mtu anayeuabudu waya. Nilikuwa nimeuchoka.

Boksi lenu liliniahidi mambo mawili: kwamba kipanya hiki kina kasi sawa na cha waya, na kwamba chaji ikiisha nitachomeka waya uliomo na kuendelea na kazi. Niliyaamini yote mawili.

Wiki ya kwanza tu kishale kikaanza kurukaruka. Nikishika ukingo wa picha niusogeze kidogo, kishale kinaganda, halafu kinaibukia upande wa pili wa ukurasa na picha imekwenda nacho. Niliwaandikia. Mkanijibu nibadilishe betri. Ndugu Meneja, betri ya kipanya hiki imefungiwa ndani, hakina hata kifuniko cha kufungua. Nilipowaeleza hivyo mkaniambia nifute lenzi ya chini, kisha mkaniuliza kama meza yangu ni ya kioo. Meza yangu ni ya mbao.

Chanzo nilikipata mwenyewe, baada ya kupoteza jioni mbili. Kipokezi nilikuwa nimekichomeka nyuma ya kompyuta kwenye tundu la USB 3.0, yaani USB ya kasi kuliko ile ya zamani, na pembeni yake ipo diski ya nje ninayohifadhia kazi. Kipanya chenu huwasiliana na kipokezi kwa mawimbi ya gigahezi 2.4. Vifaa vya USB 3.0 vinapohamisha data hutoa kelele za redio zinazoangukia humo humo, na kipokezi kikiwa jirani kinashindwa kumsikia mwenzake. Si siri hii. Intel, watengenezaji wa chipu za kompyuta, walichapisha maelezo yake mwaka 2012. Nikichomoa diski, kishale kinatulia. Nikiirudisha, vituko vinaanza upya. Mwishowe nilitafuta waya wa kurefushia USB, nikakileta kipokezi juu ya meza, karibu kabisa na kipanya, na tatizo likaisha. Yaani ili kipanya kisicho na waya kifanye kazi, nimelazimika kutandaza waya mezani!

Sentensi moja kwenye karatasi ya maelekezo ingeniokoa. Karatasi yenyewe ni ndefu kama kanga, na sentensi hiyo haimo.

Lakini lililonifanya nikae niandike barua hii ni ule waya wa kuchajia. Nilikwenda kwa mchapishaji kusahihisha kurasa za mwisho kabla hazijaingia mtamboni, na kipokezi nikakisahau kwenye kompyuta ya mezani. Sikuhangaika, waya si ninao? Nikauchomeka kwenye kompyuta ya mpakato mbele ya watu watatu wanaonisubiri. Taa ya chaji ikawaka vizuri. Kishale hakikusogea. Nikahamia tundu jingine, nikazima kompyuta na kuiwasha, wapi! Waya wenu hupitisha umeme tu, data haupitishi hata chembe. Vipo vipanya ambavyo ukivichomeka vinageuka kuwa vya waya kwelikweli. Mwenzangu anacho kimoja. Chenu si cha aina hiyo, na mtu anayesoma boksi lenu hawezi kulijua hilo. Akiambiwa “chomeka waya uendelee na kazi” ataelewa kwamba waya unashika nafasi ya mawimbi. Kazi ile niliimaliza kwa kidole, kwenye kibao cha mguso, mstari kwa mstari.

Niliporudi niliwauliza ningefanyaje kama kipokezi kingepotea kabisa, maana ni kidogo kama ukucha. Mkanijibu kwamba hamuuzi kipokezi peke yake, ninunue kipanya kipya.

Kuhusu kasi nitasema machache. Nimekipima: kinatuma taarifa za mwendo wake kwa kompyuta mara 125 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 8. Vipo vipanya vinavyotuma mara 1000, vya waya na visivyo na waya pia. Kwa kazi yangu 125 inanitosha, na sitajifanya kwamba mkono wangu unaona tofauti. Ila “sawa na cha waya” ni sawa na kipi? Andikeni namba, mnunuzi ataamua mwenyewe.

Nina swali pia mlilolinyamazia mara mbili. Mwaka 2016 watafiti wa usalama walionyesha kwamba vipokezi vya baadhi ya vipanya visivyo na waya huweza kulaghaiwa na mtu aliye mbali, vikapokea maandishi ambayo mwenye kompyuta hakuyaandika. Je, chenu kimekingwa? Ndiyo au hapana inatosha.

Ninachodai ni hiki. Nibadilishieni kwa kipanya chenu cha waya, na kama kina bei ndogo zaidi nirudishieni tofauti. Pia sahihisheni maneno ya boksi: semeni wazi kwamba waya ni wa kuchaji tu, kwamba betri haibadiliki, na kwamba kipokezi kikipotea kipanya kimekwisha. Kama ningeyasoma hayo dukani ningechukua cha waya siku ile ile, na leo tusingekuwa tunaandikiana.

Natarajia jibu lenu ndani ya siku 14. Kipanya nitakirudisha ndani ya boksi lake, na kipokezi nimekibandika utepe mwekundu kisije kikapotea njiani.

Wenu,
Mteja, mpanga kurasa