Kofia ya mwanangu iko mezani toka jana usiku

Shikamoo Shangazi,

Naandika saa tisa usiku sijapata hata lepe la usingizi, nisamehe kama nitachanganya mambo. Timu yangu sikutajii, ukifuatilia besiboli utaijua tu, wiki hii inapiga kila anayekuja mbele wiki ijayo inafungwa na timu inayoshika mkia, tena inafungwa kizembe.

Jana tulikuwa tunaongoza 6 kwa 2, zamu ya tisa ambayo ndo ya mwisho, watolewe wapigaji wao watatu tu tukalale. Akaingia yule mrushaji wetu wa kumalizia mechi. Wiki iliyopita huyu huyu aliingia akawatoa watatu fasta hakuna hata mmoja aliyeugusa mpira, nikaruka mpaka nikamwaga chai. Jana mpigaji wao wa kwanza kamrushia mipira minne ya nje, akatembea bure mpaka besi ya kwanza, kile kituo cha kwanza cha kukimbilia. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akapiga mpira ukaenda mpaka ukutani, wale wawili wa kwanza wakakimbia mpaka nyumbani, pointi mbili, 6 kwa 4.

Hapo ndo mwanangu, ana miaka 11, alikuwa amekaa chini miguuni kwangu, akavua kofia ya timu akaiweka mezani taratibu kabisa kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, akasema baba mi nalala. Shangazi mechi ilikuwa haijaisha! Tulikuwa bado tunaongoza! Nikamwambia kaa mwanangu bado tuko juu, akasema usiku mwema baba. Hakununa, hakulia. Kidogo tu wakampa mwingine besi ya bure, halafu mpira ukaruka uzio, aliyepiga na wawili waliokuwa kwenye besi wote wakaingia, 7 kwa 6, kwisha habari. Mtoto alishajua kabla yangu.

Mke wangu akaniambia si umemzoesha mwenyewe. Hilo neno ndo limenikosesha usingizi. Mi sikumlazimisha mtoto. Kofia nilimnunulia mimi sawa, na jezi, na kuna siku nilimwamsha aangalie zamu za ziada, lakini mapenzi yalikuwa ya kwake mwenyewe, anaweza kukutajia mpangilio wa wapigaji wote tisa.

Na watu wasiniambie habari za uvumilivu. Kila mtu ananiletea mfano wa Chicago Cubs walivyokaa toka 1908 mpaka 2016 bila ubingwa, miaka 108. Sawa, lakini timu mbovu ni mbovu, unajipanga nayo. Chicago White Sox mwaka 2024 walifungwa mechi 121 kwenye msimu mmoja, nadhani shabiki wao ilifika mahali akawa anakaa kwenye kiti hategemei kitu, moyo umetulia. Mi natulia saa ngapi? Wakishinda sita mfululizo naanza kupiga hesabu za kufuzu hatua ya mtoano, wakifungwa tano naapa siangalii tena, na msimu ni mechi 162, karibu kila siku kwa miezi sita, yaani hata nafasi ya kuwasahau hupati. Ingekuwa mpira wa miguu ningepata wiki nzima ya kupoa.

Kosa langu labda ni hili. Mwezi wa tano tulipokuwa na hali mbaya nilimwambia mwanangu kwamba Washington Nationals mwaka 2019 walianza kwa kushinda 19 na kufungwa 31, watu wakawazika, na mwaka huo huo wakabeba World Series, yaani ubingwa wenyewe. Ni kweli kabisa, sikumdanganya. Akachukua karatasi akaandika 19-31 kwa kalamu nyekundu akaibandika juu ya kitanda chake. Sasa najiuliza nilimpa moyo au nilimpa ugonjwa wangu.

Maana kuna siku aliniuliza, baba mtu akihama timu ni vibaya? Rafiki yake wa shule anashabikia timu inayoshinda kila mwaka. Nikamjibu kwa ukali kwamba nyumba hii hatuhami. Hajauliza tena. Lakini ile kofia Shangazi, alivyoiweka, sijui nieleze vipi, aliikunjua ukingo vizuri kwanza.

Mi mwenyewe nimeamua naacha, nina miaka 22 na hii timu, presha inapanda, kazini nafika nimenuna na wenzangu hawajanikosea chochote. Nimeacha kweli. Ila kesho anarusha yule kijana wetu mpya wa mkono wa kushoto, huyo akiwa kwenye siku yake hagusiki, na tukishinda kesho tunabaki mechi mbili tu nyuma ya nafasi ya kufuzu, kwa hiyo sio kwamba tumekufa.

Ninachotaka unisaidie, nimwambie mtoto ahame? Mi nibaki peke yangu, simlaumu, aende kwa wanaoshinda alale usiku kama watoto wengine. Halafu nikifikiria tukifuzu na yeye hayupo pale chini miguuni naona hata huo ubingwa sitautaka.

Nimetoka kuchungulia chumbani kwake sasa hivi, amelala, karatasi ya 19-31 bado iko ukutani hajaibandua. Kofia sijaigusa. Niirudishe kwenye msumari wake kabla hajaamka, au niiache pale pale mezani aichukue mwenyewe? Naomba unijibu mapema Shangazi, mechi ni kesho.