Tulianza kwa kuhesabu visiki

Kyangwali, Kikuube, Uganda

Mama Faraja, dada yangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, watoto wazima. Mama bado goti linamsumbua lakini shambani haachi kwenda. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu, mara ya mwisho jikoni pamoja na kina mama wenzangu, nao wakafurahi kusikia jinsi Kiswahili chako kilivyoshika lafudhi ya Tanga. Unasema akina mama wa mtaa wenu wanataka kuilinda mikoko inayokatwa usiku, na unaniuliza sisi tulianzaje huku kwenye msitu wa Bugoma. Jambo hilo halijibiki kwa sauti ya dakika mbili, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Tulianza kwa kuhesabu visiki. Mimi na jirani yangu tulikuwa tumekwenda kutafuta kuni, tukapita ile njia ya kuteremkia mto Nguse, tukakuta mkangazi ulioangushwa usiku uleule. Unga wa msumeno ulikuwa bado mbichi, mwekundu, umerundikana kama unga wa mtama chini ya jiwe la kusagia. Gogo lilikuwa limeshachanwa mbao palepale na mbao zimeshaondoka. Yalibaki matawi na mabanzi. Jirani akavua kitenge chake akakizungusha kwenye kisiki apime unene. Kitenge hakikufika. Tulisimama pale kwa muda hakuna aliyesema neno, kisha tukafunga kuni zetu tukarudi. Kesho yake nikachukua daftari la hesabu la Baraka lililokuwa na kurasa tupu, nikaandika tarehe, mahali, aina ya mti, unene. Mwezi ulipokwisha tulikuwa tumejaza kurasa sita.

Daftari lile ndilo lililotufungulia mlango. Ukienda ofisini ukasema "wanakata miti," unajibiwa "tunajua, mama," na mazungumzo yameishia hapo. Ukiliweka mezani daftari lenye tarehe na mahali, afisa analazimika kuuliza swali la pili. Kwa hiyo nyinyi nanyi, kabla ya mkutano, kabla ya kuchagua mwenyekiti na mweka hazina, shukeni pwani maji yakikupwa mhesabu. Andikeni hata siku ambayo hamkuona kitu.

Wewe uliuacha msitu huu ungali umefunga. Nadhani unakumbuka tulivyokuwa tukiambiwa tusivuke muhimbi ule mkubwa wenye mizizi kama kuta za nyumba, na tulivyowasikia sokwe wakipiga kelele asubuhi kabla jogoo hajawika. Bugoma ni hifadhi tangu mwaka 1932, zaidi ya hekta 41,000, na sokwe waliomo ni mia kadhaa. Mwaka 2016 eneo la maili za mraba 22 lilikodishwa kwa ajili ya kilimo cha miwa, zikaja kesi juu ya kesi: eneo hilo liko ndani ya mpaka wa hifadhi au nje? Mwaka 2020, mwaka wa korona, wakati watu wamekatazwa kukusanyika, mashine zikaingia. Mpaka ule sisi tulikuwa tunaujua kwa miguu, tangu utotoni. Waliokuwa wakibishana waliujua kwa ramani, na kila upande ulikuja na ramani yake. Sokwe nao wakaanza kutoka kuja kwenye migomba na mipapai yetu. Siku hizi mtoto hatumwi kisimani peke yake. Hilo nakuambia kwa sababu watu wa mbali wakisikia "sokwe" wanaona picha nzuri tu, na mama wa hapa anamfikiria mwanawe aliyekwenda kuchota maji. Yote mawili ni kweli, na msitu ukiendelea kupungua yote mawili yatazidi kuwa magumu.

Sasa nikusimulie mkutano mmoja, maana huo ndio ulionibadilisha mimi mwenyewe.

Walikuja wageni kutoka Kampala kutuzungumzia misitu. Tulikaa chini ya mwembe karibu na soko. Wageni walisema Kiingereza, na watu waliokusanyika walikuwa Wanyoro, Wakiga, Waaluru na sisi tuliotoka Kongo. Kiswahili ndicho kinachotukalisha pamoja, basi nikaombwa nitafsiri. Nilipofika kwenye "mabadiliko ya tabianchi" bibi mmoja akainua mkono. Ni Mwaluru, alikuwa akikaanga samaki kule mwaloni, na nyumba yake ilimezwa na ziwa wakati ule maji ya Mwitanzige, yaani Ziwa Albert, yalipopanda mpaka yakaingia vyumbani. Akasema: "Mtu akibadilika tabia, sisi huuliza anakaa na nani. Sasa hii nchi iliyobadilika tabia, imeharibiwa na nani?"

Nikatafsiri. Mgeni akajibu kwa upole kwamba ni sisi sote, binadamu wote. Nilipomrudishia bibi jibu hilo akatikisa kichwa. "Mimi nina mafiga matatu na sufuria moja. Mwambie anihesabie sehemu yangu."

Watu wakanyamaza. Yule mgeni, Mungu ambariki, hakukwepa. Alieleza kwamba Afrika nzima, bara lote hili, hutoa chini ya sehemu 4 katika kila 100 za hewa ya ukaa inayotoka duniani, na kwamba waliopata utajiri kwa kuchoma makaa ya mawe na mafuta kwa miaka mingi wako mbali na ziwa letu. Bibi akauliza tena: "Basi nyumba yangu watanijengea wao?" Hilo halikujibiwa. Nilikuwa nimesikia maneno "haki ya tabianchi" redioni mara nyingi bila kuyaelewa. Siku ile niliyaelewa, kwa sababu yalikuwa na nyumba ndani yake, na mtu aliyekuwa akiidai.

Tangu hapo kila karatasi inayokuja kwetu tunaitaka isomwe kwa Kiswahili mbele ya watu kabla mtu hajaweka sahihi. Shikeni hilo, Mama Faraja. Nyinyi Tanga mna bahati, karatasi za serikali zinaandikwa kwa lugha mnayoota nayo. Huku ripoti ya athari za mazingira inakuja kitabu kizima cha Kiingereza, na wananchi wanaambiwa watoe maoni. Maoni gani, juu ya kitu ambacho hawajakisoma? Tulikaa jioni nne na mwalimu mmoja wa shule ya msingi tukapitia sheria zenyewe. Katiba yetu, kifungu cha 237, inasema hifadhi za misitu serikali imezishika kwa amana kwa ajili ya wananchi. Yaani ni mshika amana, na mwenye mali ni sisi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 inakwenda mbali zaidi: kifungu cha 4 kinasema maumbile yenyewe yana haki ya kuwapo na kuendelea kuishi. Yule bibi alipokisikia aliomba kisomwe tena, kisha akasema kwamba hata marehemu mumewe asingeamini serikali inaweza kuandika kitu kama hicho. Ya kwenu siyajui vizuri, ila najua mna Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inayoruhusu jamii kusimamia misitu pamoja na serikali. Tafuteni mtu awasomee, na msimwache aruke kurasa.

Sasa nije kwenye jambo gumu, ambalo hukuniuliza.

Miti inapokatwa, watu hutafuta wa kulaumu walio karibu. Huku tuliolaumiwa kwanza ni sisi wa kambi ya wakimbizi. "Wakongo ndio wanaomaliza msitu." Na kweli tunapika kwa kuni, kama zaidi ya kaya 9 katika 10 za Uganda zinavyopika kwa kuni au mkaa. Lakini mama mwenye mzigo wa kuni kichwani hachani mbao za mkangazi na kuzipakia kwenye lori saa nane za usiku. Nilipokuwa nikitukanwa sokoni nilikumbuka Mabira. Wakati ule mimi na wewe tulikuwa tukisikiliza redio ya baba yako: Aprili 2007, Kampala, watu waliandamana kupinga mpango wa kutoa hekta 7,100 hivi za msitu wa Mabira zipandwe miwa. Msitu ulisalimika, mpango ukawekwa kando, na leo ukipita barabara ya Jinja unauona umesimama. Lakini siku ile watu walikufa, na mmoja wao alikuwa Mhindi aliyepigwa mawe na umati, mtu ambaye hakuwa na shamba la miwa wala mpango wowote. Siwezi kuusifu ushindi ule bila kumtaja. Kwa hiyo kikundi chetu, tangu siku ya kwanza, kila zamu ya kutembea msituni lazima iwe na watu wa makabila mbalimbali na angalau mmoja wa kambini. Hapo kwenu sijui ni nani watakaonyooshewa kidole, pengine wavuvi wageni, pengine wachoma chokaa. Wakaribisheni kwenye kikundi mapema, kabla ya ugomvi.

Na wakati mwingine mkataji atakuwa wa nyumbani. Mwaka jana tulikuta tanuri la mkaa bado linafuka moshi, na pembeni yake dumu la maji la njano. Kwenye mshikio lilikuwa limefungwa uzi mwekundu. Sote tuliujua uzi ule. Mwenzetu mmoja huyafungia madumu yake yasichanganyike kisimani. Naye alikuwa pale, amesimama nyuma yangu. Hakusema kitu, akaliokota dumu akatangulia njia. Jioni alikuja mwenyewe nyumbani kwangu akaniambia ni mwanawe, anatafuta ada ya mdogo wake. Tulibishana sana kikundini. Wengine walitaka apelekwe polisi siku hiyohiyo. Mwishowe tulimwita kijana, mbele ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, tukamwonya, tukampa mizinga miwili ya nyuki. Mmoja una nyuki mpaka leo. Wa pili aliuuza. Siku nyingine hutembea nasi zamu, siku nyingine haonekani. Siwezi kukuambia kwamba tumelimaliza, na ada ya mdogo wake bado ni deni.

Ndiyo maana naona kazi kubwa iko jikoni. Tulijifunza kujenga majiko banifu kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majani makavu. Mimi langu linaivisha maharage kwa nusu ya kuni nilizozoea kutumia. Miti ya kuni tumepanda mipakani mwa mashamba yetu, ili mama asilazimike kuingia hifadhini. Kitalu tunacho pia, miche ya mvule na mkangazi kwenye kavera, vile vifuko vya plastiki. Ila wageni wakija hupenda kupigwa picha wakipanda mche, na hilo linaniuma. Mti wa umri wa bibi zetu ukiangushwa, hatuwezi kuulipa kwa mche wa urefu wa kiganja. Pandeni mikoko mnapoona pengo, lakini ule uliosimama ndio wa kulalia macho.

Jambo la mwisho ni hili bomba la mafuta. Linaanzia Kabaale, Hoima, huku kwetu, na mwisho wake ni Chongoleani, hapo kwako. Kilomita 1,443. Mafuta ya huku ni mazito kama nta, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba lazima lipashwe moto njia nzima, nyuzi 50. Vijana wetu wengine wamepata kazi huko na sitasema hawakuihitaji. Lakini tangu nilipopata ujumbe wako nawaza kwamba mimi na wewe tumekaa kwenye ncha mbili za kitu kimoja, mimi na msitu wangu na wewe na mikoko yako, na wale wanaokutana kukizungumzia hawajawahi kutukutanisha. Basi tukutane wenyewe. Mkishafika kurasa chache za daftari lenu, nipigie picha unitumie, nami nitakutumia za kwetu. Kina mama hapa wanataka kujua mkoko hukua kwa miaka mingapi, na kama mkaa wake ni kweli unashinda wa msituni, maana wanasema hapo ndipo tatizo lenu lilipo.

Asali nimekuwekea chupa mbili. Nikipata dereva anayeteremka mpaka Tanga nitampa. Niandikie jina la mtu wa kumkabidhi, na unisalimie Baba Faraja na watoto. Mvua imeanza, niache nikafunike miche.

Ni mimi dada yako,
Mama Baraka