Anayesaidiwa na kompyuta aseme

Mhariri,

Katika mashindano ya redio ya ridhaa, ambako washindani huwasiliana hewani na vituo vingi wawezavyo, kompyuta si kosa. Kinachouma ni mtu kujiandikisha kundi la wasiosaidiwa huku skrini ikimwonyesha orodha ya vituo vilivyonaswa na wengine, iliyotoka kwenye intaneti. CQ WW, mashindano ya saa 48, ina kundi la wanaosaidiwa. Aingie huko!

Tena orodha hizo hukosea. Kwa Morse, herufi za nukta na vistari, H ni nukta nne, S ni tatu. Mkwaruzo wa radi za jioni hapa Kisumu ukimeza nukta moja tu, programu inayosoma Morse yenyewe huandika kwenye orodha alama (jina la hewani) ya kituo kisichokuwepo. Anayebofya alama hiyo bila kusikiliza hupoteza mawasiliano hayo na kukatwa pointi juu yake. Bofya ukitaka, lakini sikia herufi zote kwanza, kisha utume kumbukumbu za mawasiliano yako chini ya kundi la kweli.

Mpenzi wa redio,
Kisumu