Kwa nini tunakuuliza kama udongo umepimwa kabla ya kukuuzia DAP

Siku hizi mteja akiingia dukani na kuagiza DAP, mbolea ya kupandia, kijana wetu wa kaunta humuuliza kwanza: shamba lako lilipimwa udongo lini? Wengine hucheka. Mzee mmoja alimjibu, "Kijana wangu, nimekuja kununua mbolea, sikuja kufanya mtihani." Tunamwelewa. Duka linalouliza maswali badala ya kupokea pesa linaonekana kama halitaki biashara. Lakini hapa Trans Nzoia tumeuza mbolea ya kutosha kujua kwamba si yote inayoishia kwenye mahindi.

Tufanye hesabu kidogo. Lebo ya DAP inasema 18 na 46, yaani asilimia. Ile 18 ni naitrojeni. Ile 46 ni fosforasi ikiwa pamoja na oksijeni yake. Ukiitoa fosforasi peke yake, mfuko wa kilo 50 una kama kilo 10. Ekari ikikupa magunia 20 ya kilo 90, punje zote hizo zinaondoka na fosforasi ya kilo 5 au 6 hivi. Nyingine imebaki shambani, na ungedhani ni akiba ya msimu ujao. Shida ni kwamba mashamba mengi ya huku yana asidi. pH, yaani kipimo cha asidi, ikishuka chini ya 5.5, alumini na chuma vilivyomo kwenye udongo huishika fosforasi, na mizizi haiipati. Basi mahindi yakiwa bado machanga, kingo za majani zinageuka zambarau. Mkulima akiona hivyo husema mbolea haikutosha, na mwaka unaofuata anaongeza mfuko. DAP yenyewe huzidisha asidi. Kwa hiyo anazidi kulipa, na udongo unazidi kuikamata. Mara nyingi shamba la namna hiyo lilikuwa linahitaji chokaa, wala si mfuko wa tatu.

Fosforasi iliyokamatwa hivyo husafiri na udongo wenyewe. Mvua kubwa za Aprili na Mei hukuta ardhi imelimwa laini na mahindi bado hayajaifunika. Ukitaka kuona, chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, teka maji ya kijito kilicho chini ya shamba la mteremko mara mvua ikikatika, uiache mezani hadi asubuhi. Tope litakalotulia chini ni udongo wa juu, ule mwororo, na ndio unaobeba fosforasi nyingi kuliko udongo mwingine wote. Umeulipia.

Naitrojeni ina njia yake. Nusu ya naitrojeni ya CAN, mbolea ya kukuzia, ni naitreti, ambayo huyeyuka mara moja. Ukiirusha leo na usiku mvua ikapiga, itakayokuwa haijanyonywa huteremka chini ya mizizi na kuelekea kwenye visima na chemchemi. Hapo ni suala la maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo.

Vijito vyetu, Koitobos, Sabwani na vingine, karibu vyote vinaingia Nzoia. Mto unapita Webuye na Mumias, unafika Budalang'i, kisha Ziwa Victoria. Huko fosforasi hulisha mwani na magugu maji, na vikioza hula oksijeni ambayo samaki wangeivuta. Tusitie chumvi, hata hivyo: Nzoia haimwagi katika Ghuba ya Winam, kule kunakoonyeshwa kwenye runinga boti zimekwama katikati ya magugu. Ghuba ile hupokea Nyando na Sondu. Na mkulima si mkosaji wa pekee. Maji machafu ya miji yamo, na fosforasi nyingi hushuka ziwani kutoka hewani, pamoja na vumbi na moshi. Ila ile ya shambani ndiyo pekee uliyoinunua kwa pesa yako.

Sasa huduma yenyewe ya kupima udongo. Tunakuja shambani, au unachukua sampuli mwenyewe ukipenda. Pita shambani kwa mwendo wa zigizaga, chimba mahali 10 hadi 15, kina cha sentimita 20. Ruka palipokuwa na boma, kichuguu, au pale mabua yalipochomwa, maana patakudanganya. Changanya kwenye ndoo safi. Ile iliyobeba mbolea usiiguse. Kisha leta nusu kilo tu. Tunapeleka maabara, na majibu yakirudi tunakaa nawe kuyasoma: pH, fosforasi, potasiamu, chokaa kiasi gani kama inahitajika. Ikitokea kwamba fosforasi inatosha, tutakuambia ununue DAP kidogo. Ndiyo, tunajua tunachokisema.

Kipimo cha mkononi nacho kina hasara. Kizibo cha soda kilichojaa kina gramu 5 hivi za DAP. Ukipanda kwa sentimita 75 kwa 50, mbegu mbili kila shimo, kizibo kimoja kwa shimo kinakupeleka karibu na mfuko mmoja kwa ekari. Ukipanda 75 kwa 25 na kuendelea na kizibo kizima, umetumia mifuko miwili bila kujua. Tumia nusu. CAN igawe mara mbili, weka udongo ukiwa na unyevu, na ukiona wingu zito upande wa Mlima Elgon, ngoja.

Walio na shamba linaloshuka mtoni wana jambo moja zaidi. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka katazo la kulima kando ya mto, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande kulingana na upana wake, kuhesabu kutoka mahali mafuriko yalipowahi kufika. Wengi wanaona hiyo ni ardhi iliyopotea. Iache iote nyasi nzito ishike tope. Samadi nayo isirundikwe juu ya mteremko unaoelekea majini. Ifunike kwa turubai au majani ya migomba.

Chokaa inahitaji wiki kadhaa ardhini kabla ya mbegu, na maabara hujaa mvua zinapokaribia. Kwa hiyo anayetaka majibu ya kupandia Machi alete sampuli mara tu baada ya kuvuna, na ikichelewa sana isipite Januari. Mifuko ya kuwekea sampuli iko kaunta, ni bure.