Mwanga ndani ya yai na pande mbili za ubongo

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu dhana inayorudiwa mara kwa mara katika makala za sayansi, kwamba ni ubongo wa binadamu tu ambao upande wake wa kushoto na wa kulia hugawana kazi. Wanyama wa maabara huonyesha mgawanyo huo wakiwa wachanga kabisa.

Mfano ulio wazi zaidi ni kifaranga. Katika siku za mwisho kabla ya kuanguliwa, kichwa chake hukaa kimepinda ndani ya yai, jicho la kushoto likiwa limefunikwa na mwili na la kulia likielekea kwenye ganda, kwa hiyo ni hilo la kulia pekee linalopata mwanga unaopenya. Lesley Rogers, mtafiti wa Australia, alionyesha mwaka 1982 kwamba mwanga huo ndio unaoelekeza mgawanyo wa kazi za kuona. Akishaanguliwa, kifaranga huyo hutenganisha punje na vijiwe vizuri zaidi kwa jicho la kulia, linalopeleka habari upande wa kushoto wa ubongo, huku jicho la kushoto likiwa hodari wa kumtambua adui. Mayai yakiatamiwa gizani, tofauti hiyo hufifia. Na jicho la kulia likifunikwa huku la kushoto likipewa mwanga, mwelekeo wenyewe hugeuka.

Kwa panya, watafiti wamechunguza hata upande ambao mkia wa mtoto aliyezaliwa punde huelekea. Victor Denenberg naye, huko Marekani, aligundua kwamba kumshika panya kila siku kabla hajaachishwa kunyonya kulitosha kubadili jinsi pande za ubongo wake zilivyogawana kazi. Jambo hili, kwa maoni yangu, ni zito kuliko linavyopewa uzito, kwa sababu kushika wanyama ni kazi ya kawaida ya mhudumu wa maabara, na ni nadra msomaji kuelezwa ilifanywaje.

Ndiyo maana nashauri waandishi wenu, wanapoarifu kwamba mnyama fulani “huzaliwa” akipendelea upande mmoja, waulize kwanza mayai yalikaa kwenye mwanga au gizani, na watoto wa panya walishikwa mara ngapi kabla ya jaribio kuanza.

Msomaji wenu